Barua ya Bwana Aldo

Bwana Aldo, tajiri wa ng'ambo, alitaka kufadhili maabara ya vijidudu hatari kijijini, maana kwao alikatazwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa karibu kukubali.

"Vijidudu hawa hawatoki kamwe," aliapa Bwana Aldo.

"Tuandikie basi," alisema Bi Siwema, mfuga nyuki. "Jina lao refu la kitaalamu liachie nafasi wazi, karani atalijaza."

Bwana Aldo akaandika kwamba hawatoki na jirani asiogope, akatia sahihi.

Asubuhi alikuta mizinga kumi ya nyuki imepangwa chini ya dirisha lake.

"Iondoeni hii," alilia ndani ya chandarua.

Bi Siwema akamsomea barua dirishani. "Nyuki hawatoki, jirani asiogope. Sahihi si yako?"

"Mwenye akili gani ataamini karatasi hiyo?"

Bi Siwema akamgeukia mwenyekiti, aliyesimama nyuma yake. "Umemsikia mwenyewe."