Kiti Kimoja, Wimbo Mmoja

Meneja Mshana aliupenda mchezo wa viti kwenye sherehe ya kiwanda cha sabuni, maana hakuna aliyethubutu kumsukuma. Safari hii, kati ya wawili wa mwisho, atakayeshindwa ndiye atakayelinda kiwanda siku ya Krismasi. Wakabaki yeye na Anasia, karani wa stoo.

"Utakula Krismasi na sabuni, binti!"

"Basi niruhusu nichague wimbo, bosi."

"Chagua hata kumi!"

Anasia alimnong'oneza mpiga muziki. Wakazunguka kiti kimoja kilichobaki, wakisubiri muziki ukome ili wawahi kukikalia. Meneja alipofika nyuma ya kiti, Anasia akiwa mbele, ghafla ukapigwa wimbo wa taifa. Ukumbi mzima ulisimama wima, mapaja ya kuku mikononi. Meneja, mwanajeshi mstaafu, alikauka kama mlingoti.

Wimbo ulipokwisha, Anasia aliketi.

"Krismasi njema, bosi. Zisalimie sabuni."