Mpishi wa Wasit na Bakshishi ya Chini ya Sahani

Wamesimulia wenye kuhifadhi habari za waja wema kwamba katika mji wa Wasit, kando ya mto Dijla, palikuwa na mgahawa uliosifika kwa harisa, yaani ngano iliyopondwa pamoja na nyama, chakula ambacho watu wa pwani yetu hukiita bokoboko. Mgahawa huo ulikuwa mali ya mjane aitwaye Bibi Atika binti Masudi. Waliomfanyia kazi walikuwa wawili: Dhakwani alipika jikoni, nyuma ya ukuta, na Thabiti alihudumia wageni ukumbini.

Dhakwani alikuwa mcha Mungu. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, na msikitini alisali safu ya kwanza. Hakuchanganya nyama ya jana na ya leo. Watu wa mtaani waliposafiri, amana zao waliziweka kwake.

Nyumba ile ilikuwa na desturi zake. Harisa ilitoka jikoni bila chumvi, kwa kuwa wageni hawakupenda chumvi kwa kiasi kimoja. Mhudumu ndiye aliyeitia, pamoja na samli, mbele ya mlaji. Tena mgeni aliyeridhika aliacha bakshishi chini ya sahani, na aliyeinua sahani ndiye aliyeichukua. Aliyeinua sahani siku zote alikuwa Thabiti.

Kwa miaka mingi Dhakwani hakulijali jambo hilo. Kisha tofali moja la ukuta wa jiko likaanguka, na Bibi Atika akaliacha tundu lile lipitishe moshi. Kupitia tundu hilo Dhakwani aliona kwa mara ya kwanza watu wakila chakula chake. Alimwona mgeni akifumba macho kwa utamu, akilamba vidole, akiingiza sarafu chini ya sahani. Akamwona Thabiti akiiinua sahani na kuitia sarafu mshipini.

"Yule amefumba macho kwa kazi yangu," alijisemea.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuchungulia. Alijifunza kutofautisha mlio wa fedha na mlio wa shaba. Akiwa katika sujudu alisikia sarafu. Thabiti alipokuja kazini na kilemba kipya, Dhakwani alishindwa kunyamaza.

"Mashaallah, kilemba hicho! Wageni wamekuvika."

"Wamenivika, ndugu yangu," Thabiti akacheka. "Wewe nawe wangekuvika, ila wanaogopa masizi."

Thabiti alitania, akasahau. Dhakwani hakusahau. Alimwendea Bibi Atika.

"Bibi, mimi naamka kabla ya adhana kuwasha moto. Mwenzangu anakuja jua limepanda, anabeba sahani kutoka hapa hadi pale. Anayepewa ni nani?"

"Ujira wako ni mara mbili ya wake, Dhakwani."

"Sisemi ujira. Nasema ile ya chini ya sahani."

"Ile si yangu. Ni hiba, na hiba siwezi kuigawa bila kujua nia ya mwenyewe. Ukitaka, nitawauliza wageni wanamwachia nani."

Dhakwani akaona haya. "Waache tu, bibi. Nisije nikaonekana naombaomba." Akarudi jikoni. Haya ilimzuia kuuliza, lakini haikumzuia kuchungulia.

Ikawa Alhamisi moja akaja Abu Hilali, mfanyabiashara wa zafarani, ambaye hakuacha shaba, aliacha fedha. Thabiti alimpangusia mahali pa kukaa, akamuuliza hali ya binti yake aliyekuwa mgonjwa, na wote wawili wakacheka kwa jambo ambalo Dhakwani, nyuma ya tundu lake, hakulisikia. Dhakwani alikuwa amefunga siku hiyo. Aliipakua sahani ya Abu Hilali, akatia konzi ya chumvi, akakoroga mpaka ikayeyuka.

"Leo atainua sahani," alisema, "na chini yake hakuna kitu."

Thabiti akaipokea sahani, akatia chumvi na samli kama kawaida, huku akizungumza. Abu Hilali akala tonge moja, akalitema.

"Unanilisha bahari, wewe! Juma lililopita nilisahau mfuko nyumbani, sikukuachia kitu. Ndiyo unanilipiza?"

Watu wakaacha kula. Bibi Atika akaja, akachovya kidole, akaonja.

"Thabiti, umefanya hivi kwa sababu ya bakshishi?"

"Hapana, bibi. Moyo wangu naujua. Sikuwa na kinyongo naye."

"Basi apa kwamba chumvi hii haikutoka mkononi mwako. Nitakuamini mbele ya watu hawa."

Thabiti akautazama mkono wake. "Siwezi, bibi. Niliitia kwa mkono huu huku nikiongea. Sidhani kama ilizidi, lakini sikuitazama. Siapii nisichokiona."

"Apa, bwana, wanao wakale!" mgeni mmoja akapaza sauti.

"Kiapo chenyewe kifupi," akasema mwingine.

Thabiti akatikisa kichwa.

"Basi vua kitambaa," Bibi Atika akasema. "Nyumba hii haiwezi kukaa na mtu anayelipiza kisasi kwa chakula."

Thabiti akaanza kukifungua kitambaa cha kazi kiunoni.

Dhakwani aliyaona yote. Alitaka mwenzake akose dirhamu moja. Sasa mwenzake alikuwa anakosa riziki. Na amesimulia yeye mwenyewe baadaye kwamba upande mmoja wa moyo wake ulifurahi, na furaha ile ilimtisha kuliko kosa lenyewe. Kisha wivu wa pili ukamjia juu ya ule wa kwanza. Mtu huyu, asiyefunga Alhamisi, ambaye kwenye sala ya alfajiri humkuta imamu katika rakaa ya pili, ameliacha neno moja tu la kumwokoa kwa kumwogopa Mola wake. "Hata katika hili amenipita," Dhakwani akasema. Alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayejua. Chumvi ya watu wawili haitengani ikishaingia sahani moja.

Akatoka. Wageni wengi hawakuwa wamewahi kumwona.

"Chumvi ni yangu," alisema. "Niliitia huko jikoni, konzi nzima, ili asipate bakshishi. Mwacheni."

"Wewe, Dhakwani?" Bibi Atika akauliza.

"Mimi, bibi."

Abu Hilali akasimama. "Nami nimekuwekea amana mahari ya binti yangu!"

"Iko salama. Lakini njoo uichukue leo. Una haki ya kuniogopa."

Thabiti alikuwa bado ameshika kitambaa. "Ungeniambia, ndugu yangu. Ningekupa."

"Nilijua ungenipa," Dhakwani akajibu. "Ndiyo maana sikukuambia."

Hakuna aliyecheka. Bibi Atika akamgeukia Thabiti. "Haki ni yako. Nimfukuze?"

"Na nani atapika, bibi? Mimi?" Thabiti akasema, akajifunga kitambaa. "Utawafukuza wageni wote kwa siku moja." Hapo watu wakacheka, wakarudi kwenye sahani zao.

Abu Hilali aliichukua amana yake jioni ile, na wengine wakafuata siku zilizofuata, mpaka kasha la Dhakwani likabaki tupu. Hakumlaumu hata mmoja.

Bibi Atika naye akabadilisha desturi ya nyumba. Mgeni alipoinuka kuondoka, alimuuliza mbele ya wote: "Ulichoacha umemwachia nani?" Wengi walisema Thabiti, kwa kuwa uso wake ndio waliouona na maneno yake ndiyo waliyoyasikia. Baadhi walisema mpishi. Wachache walisema wagawane. Kila mmoja akapewa kwa nia ya aliyetoa. Fungu la Dhakwani halikufika hata siku moja nusu ya fungu la mwenzake, naye alilipokea kwa mikono miwili.

Miaka ikapita. Mtu mmoja aliyekijua kisa hicho alimuuliza msikitini, "Ule wivu, Dhakwani, uliisha?"

Akasema, "Haukuisha. Huja kila adhuhuri, sahani zinaporudi. Nikimwona Thabiti amepata, namwombea Mungu amzidishie. Ulimi ulianza peke yake. Moyo bado uko njiani."

Ndugu zangu waumini, hakuna aliyesema kwamba mpishi yule hakustahili kitu. Jasho lilikuwa lake, na dai lake lilikuwa la kusikilizwa. Kosa lake ni kwamba alipopewa nafasi ya kulisema mbele ya watu aliona haya, na alipopata nafasi ya kudhuru kwa siri hakuona haya. Wengi wetu tunazijua sala zetu na saumu zetu kwa hesabu. Hasadi hatuihesabu, mpaka ituoneshe tunachoweza kumfanyia mtu ambaye hata hakujua kwamba tunamtazama. Tumuombe Mwenyezi Mungu atupe ulimi wa kuanza, na atufikishie na moyo.