Kundi la Kwanza la Mzinga wa Nyanzala

Hapo zamani, wakati msitu wa Ilomelo haujapasuliwa na barabara na watu wake wakitegemea asali kuliko mahindi, aliishi mama mjane aliyeitwa Nyanzala. Marehemu mumewe alimwachia mizinga, mizinga kweli kweli: mtu angetembea tangu asubuhi mpaka jua la utosi, akiinua macho bado anaiona mizinga yao mitini. Lakini mimi nitawasimulia habari ya mzinga mmoja tu, kwa kuwa ndio uliobaki.

Sikilizeni mingine ilivyopotea.

Nyanzala alikuwa na mtoto wa mwisho, Luhende, mwanamume mzima mwenye mikono mepesi na haraka nyingi. Kiangazi kimoja alipanda mti kurina asali, ameshika mwenge wa kutoa moshi. Nyuki wakamvamia usoni. Mwenge ukamponyoka, ukaanguka kwenye nyasi kavu. Akashuka mbio kuukanyaga, akachelewa. Upepo ulikuwa umeshauchukua moto.

Moto ule ulikula mizinga. Ulikula ghala na asali yote ya akiba. Ulikula nyuki wakiwa ndani ya nyumba zao. Ni ng'ambo ya mto tu ambako miti ilibaki na majani.

Watu walipigana nao kwa matawi mabichi. Wande, mjane wa mtoto mkubwa wa Nyanzala, alikuwa mstari wa mbele. Mwanamke huyu alifiwa na mume akakataa kurudi kwao. Alisema hawezi kumwacha mama mkwe wake peke yake. Tawi linalowaka likakatika, likamwangukia mkono wa kulia, likaung'ang'ania kama limetumwa.

Moto ulipozimika, wazee wa Ilomelo walimwita Luhende. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimwambia, "Msitu utachanua tena. Siku utakapochanua, tukikuona huna nyuki wa kuulinda, utatuhama. Hatutaki mtu asiye na cha kupoteza humu ndani."

Luhende akainamisha kichwa. Nyuki angewapata wapi?

Mzinga mmoja ulikuwa umesalia. Nyanzala alikuwa ameuweka juu ya mwamba nyuma ya nyumba yake, mahali pasipo na nyasi, na moto ulipita pembeni. Moshi, hata hivyo, ulikuwa umeingia.

Binti yake Kalunde, aliyeolewa ng'ambo ya mto, akaja kumpa mama yake pole. Walipokwisha kulia, alikwenda kwenye mwamba, akaweka sikio kwenye mzinga. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Mama," aliita, "njoo usikie. Hawa hawavumi. Hawa wanalia."

Nyanzala akaweka sikio lake. Nyuki wenye malkia huvuma sauti moja, kama chungu kinachochemka taratibu. Hawa sauti yao ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, kama watu wa msibani. Wakafungua. Nyuki walikuwapo, asali ilikuwapo, lakini malkia alikuwa amekufa kwa moshi. Masega hayakuwa na yai hata moja, wala jana hata mmoja, wale watoto weupe wa nyuki.

Nyanzala alikaa chini juu ya mwamba. "Basi," alisema. "Bila jana mchanga hawawezi kujitengenezea malkia. Watazeeka mmoja mmoja mpaka waishe." Kisha akasema neno ambalo ndilo lililotuleta hapa: "Atakayewafufua nyuki hawa, kundi la kwanza litakalotoka humu ni lake. Nimesema mbele ya mwamba huu, na mume wangu ananisikia."

Kalunde alijifunga nguo, akavuka mto, akaenda kwake.

Mumewe alikuwa na mzinga mmoja, na siku hiyo alikuwa safarini. Kalunde aliufungua bila kumwuliza mtu. Akakata kipande cha sega chenye majana wachanga kabisa, wadogo kama chembe ya ulezi, akakiweka katika kibuyu, akakifunga kifuani chini ya nguo ili wasipoe. Akavuka mto tena, mkono mmoja juu ya kibuyu, maji yakimfika kiunoni. Akakitia kile kipande ndani ya mzinga wa mama yake.

Kufikia kesho yake, kilio kilikuwa kimekoma. Nyuki walichagua majana wachache, wakawajengea vyumba virefu vinavyoning'inia kama karanga, wakawalisha maziwa yao meupe, yale yanayomfanya mtoto wa nyuki wa kawaida awe malkia.

Kalunde akafurahi. Lakini nyuki wa mumewe, kwa sega lao kukatwa vibaya na kwa haraka, walichukizwa, wakahama. Mume aliporudi akakuta mzinga mtupu. Alituma mtu na maneno haya: "Mwambieni Kalunde, alichukua changu kwenda kujenga kwao. Arudi na nyuki, au asirudi."

Basi Kalunde akabaki kwa mama yake, anangoja.

Malkia mpya akatoka katika chumba chake. Wenzake waliokuwa bado wamefungwa vyumbani aliwachoma wote kwa mwiba, kwa maana malkia hawakai wawili. Lakini msidhani alikuwa malkia wa kutazamwa. Alikuwa mwembamba, mwepesi, mwoga, anakimbia juu ya masega kama mgeni asiyejua pa kuketi. Hata nyuki wenzake hawakumjali sana. Malkia mchanga huhitaji siku za utulivu mbawa zake zikomae. Siku hizo, mzinga ukifunguliwa na moshi ukaingia, nyuki hushikwa na wazimu: humzonga malkia wao wenyewe mpaka afe, au huhama naye.

Na siku hizo hizo ndizo mkono wa Wande ulipoharibika.

Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Mganga alikitazama, akasema, "Kinataka asali. Kipakwe asubuhi na jioni, kitafunga. Kisipopata, uhai wako utapona, lakini vidole vitajikunja, wala havitakunjuka tena."

Asali ya Ilomelo yote ilikuwa imeungua. Wakatuma mtu ng'ambo. Mume wa Kalunde, kwa hasira zake, akafunga mlango, na majirani zake walikuwa wamekwisha kuiuza. Asali iliyobaki ilikuwa sehemu moja tu, ndani ya mzinga ule, nyuma ya malkia yule mwoga.

Nyanzala hakufikiri mara mbili. Alichukua kisu, akawasha mwenge wa moshi, akapanda mwambani. Huko akamkuta Wande ameketi mbele ya mzinga, mkono umefungwa majani, umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Ondoka hapo, mwanangu," Nyanzala alimwambia.

"Weka kisu chini, Mama."

"Wande, mkono ni mkono. Nyuki ni nyuki."

"Na hao nyuki wakifa, mwakani tutakula nini? Watoto wa Ilomelo watakula nini? Mbegu ya nyuki wa Ilomelo iko hapa peke yake."

"Nitafungua taratibu."

"Hata ukifungua kwa taratibu gani, moshi ni moshi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Nyanzala akaanza kulia. "Mtoto wangu alikuacha mikononi mwangu. Nitamwambia nini?"

Wande naye machozi yakamtoka, lakini hakusogea. "Mwambie nilikataa mwenyewe," alisema.

Nyanzala akazima mwenge. Wande akakaa pale mwambani mchana kutwa, leo na kesho na siku zilizofuata, kwa hofu kwamba akiondoka tu mama mkwe wake atakuja kufungua kwa huruma. Kidonda kikafunga polepole, na kilivyofunga ndivyo vidole vilivyojikunja. Mpaka mwisho mkono wake wa kulia ukawa ngumi isiyofunguka, isiyoweza kushika mchi wala jembe.

Mbawa za malkia zikakomaa. Akaanza kuchungulia mlangoni. Alitoka, akazunguka mbele ya mzinga, uso umeelekea nyumbani, ajifunze mlango wake, akarudi. Lakini malkia hapati mimba ndani ya nyumba. Ni lazima apande juu, mbali, mahali ambapo nyuki dume wa makundi mengine hukusanyika hewani. Na madume walikuwa ng'ambo ya mto tu. Tena ana muda wake: ukipita bila kuoana nao, hataweza tena, na mayai yake yatakuwa ya madume matupu, wasiojua kazi. Na mawingu ya mvua yalikuwa yameshaanza kujaa.

Mchana mmoja jua lilitoka. Malkia akaruka, akapanda, akapotea machoni.

Luhende alikuwa amesimama mbali. Baada ya moto dada yake alimkataza kukaribia mwamba, naye alitii. Alimwona malkia akienda. Alingoja. Mawingu yakarudi, upepo ukavuma, matone mazito ya mvua yakaanza kupiga ardhi nyeusi iliyoungua. Malkia hajarudi.

Kalunde na Nyanzala walikuwa wamejikinga nyumbani. Wande alikuwa mwambani, amekinga mdomo wa mzinga kwa jamvi mvua isiingie, asiweze kusogea. Luhende akapiga magoti. Akatambaa kwenye majivu yanayogeuka matope, akitafuta kwa vidole, jani kwa jani, kisiki kwa kisiki. Alitafuta mpaka akaona nyuki wachache wamejikusanya mahali pamoja, hawataki kuondoka. Akawatenga taratibu. Malkia alikuwa katikati yao, mbawa zimegandamana kwa maji, na nchani mwa tumbo lake mna uzi mweupe, alama ya kwamba ameshakutana na madume, nao wameshakufa kwa ajili yake.

Alimweka kiganjani, akamfunika kwa kiganja cha pili, akawa anampulizia pumzi yake. Akapanda mwambani.

"Shemeji, sogeza jamvi!"

"Una nini?"

"Ninaye!"

Hakuwa na moshi, wala asingethubutu kuutumia. Nyuki wa mvua ni wakali kuliko wote. Alipopeleka kiganja mlangoni, walimrukia. Machoni, midomoni, shingoni. Wande alimsikia akihema, lakini kiganja cha Luhende hakikuondoka mlangoni. Malkia alitambaa kidoleni, akasimama, akaingia ndani. Ndipo Luhende alipoanguka.

Walimbeba hadi nyumbani, uso umevimba hata mama yake hakuutambua. Alikaa baina ya uhai na mauti, akirudi huku, akienda kule. Kisha akarudi kabisa.

Mvua ilipotulia, Nyanzala alikwenda kutazama. Malkia yule mwoga hakuwapo tena. Yule yule alikuwa amegeuka malkia mrefu, mzito wa tumbo, anatembea pole pole, na nyuki wamemzunguka wamemwelekezea vichwa. Anatazama chumba, anageuka, anashusha tumbo, anaondoka. Na ndani ya kila chumba alichokipita limesimama yai moja, jembamba, jeupe. Nyanzala akafunga mzinga.

Mvua ikapita. Msitu wa Ilomelo ukachipua, kisha ukachanua. Mzinga ukajaa mpaka nyuki wakawa wanalala nje. Asubuhi moja wakamwagika kwa kishindo, wakaifunika anga ya mwamba, wakaenda kuning'inia kwenye tawi la mti mchanga. Kundi la kwanza. Na mjue kwamba kundi la kwanza huondoka na malkia mkubwa mwenyewe. Nyumba humwachia bintiye. Kwa hiyo yule yule aliyeletwa kibuyuni, akangojwa mwambani, akaokotwa matopeni, ndiye aliyekuwa pale tawini.

Nyanzala alikuwa na mzinga mpya tayari. Kalunde akaja mbio. Wande akaja. Luhende akaja nyuma yao.

"Ni wangu, Mama," Kalunde alisema. "Bila mimi kusingekuwa na malkia. Nyuki hawa walikuwa maiti wanaotembea. Nimewapoteza wa nyumbani kwangu kwa ajili yao. Nikirudi mikono mitupu, sina ndoa."

"Uliwapoteza nyuki wa mumeo," Wande alimjibu, "wala hukumwuliza. Wifi, ulileta cha mtu mwingine. Mimi nilitoa cha kwangu." Akauinua mkono wake. "Huu hautalima tena. Nikiwa na nyuki, nitakula. Nisipokuwa nao, nitakuwa mzigo mpaka nife."

"Wewe uliketi tu!" Kalunde alimwambia.

"Jaribu kuketi vile."

Nyanzala akamgeukia mwanawe. "Luhende, huna la kusema?"

"Ninalo, ila naona haya."

"Uone!" Kalunde alifoka. "Wewe ndiye uliyewasha moto. Kama si wewe, mimi nisingekata sega, na Wande angekuwa na mkono."

"Ndiyo, dada. Ni mimi. Siku zote nitasema ni mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini Mama hakusema atakayewafufua akiwa hana kosa. Alisema atakayewafufua. Malkia uliyemleta wewe, na aliyelindwa na shemeji, alikuwa anakufa kwenye matope, na ninyi hamkumwona. Wazee wanakuja leo. Wakinikuta sina nyuki, jua likizama mimi si mtu wa hapa."

Kundi likatikisika tawini. Nyuki wa kutafuta makao walikuwa wameshaanza kwenda na kurudi; kundi halining'inii muda mrefu, likipata pango msituni huondoka, na hakuna atakayelipata. Wala haligawanyiki: malkia ni mmoja, ukilikata mara tatu unaua mara mbili.

Nyanzala aliutazama mdomo wa binti yake, akautazama mkono wa mkwewe, akautazama uso wa mwanawe wenye makovu. Akafungua kifuniko cha mzinga mpya, akasogea chini ya tawi, akashindwa kufungua kinywa.

Nami nimefika hapo, sina neno zaidi yake. Ninyi mliosikia yote, msaidieni mama huyu, na msaidieni upesi, maana nyuki wameanza kuvuma: Kalunde aliyeleta, Wande aliyevumilia, Luhende aliyerudisha. Je, ni nani aliyestahili kundi lile?