Chifu wa Chakula Cheupe

Hapo zamani za kale, wanangu, jioni ya Jumatano, barazani kwa chifu wa Kilima Mawe walikuwapo hawa: Fisi, chifu mwenyewe, Ngiri, mpishi wake, Kanga, mganga wa zahanati, Bi Pimbi, ambaye si panya, ingawa Fisi alimwita panya kila siku, na binti wa Bi Pimbi, jina lake Tatu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amekanyaga sufuria ya chifu. Kwaa!

"Wewe, huoni?" Fisi akafoka.

"Jua likizama, haoni," Kanga akajibu. "Amepungukiwa na vitamini A. Dawa yake ni chakula: maini, mayai, papai lililoiva, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mchicha uliotiwa mafuta kidogo. Tukichelewa, atapofuka kabisa, mchana na usiku."

Vitu hivyo vyote vilikuwa haki ya chifu tangu enzi za babu yake Fisi. Ukichinja, maini kwa chifu. Ukivuna, kikapu cha kwanza kwa chifu, na cha pili pia. Nyumbani kwa Bi Pimbi kulibaki ugali mweupe na chumvi.

"Chifu, nakuomba kipande cha ini, kidogo tu."

"Hi-hi-hiii! Panya ale maini, mimi nile nini? Mkia wangu?"

Bi Pimbi hakulia. Alimtazama Fisi mdomoni, akaguna. "Mmh! Aibu hii tutaificha wapi?"

"Aibu gani?"

"Si kitu, chifu."

"Sema, we panya!"

"Ulimi una kijani cha mchicha. Masharubu yana manjano ya papai. Ng'ambo ya mto wanaulizana: yule ni chifu au mbuzi? Chifu wa kweli hula cheupe kitupu. Sembe, wali, muhogo. Vyenye rangi huwamwagia watu wa chini."

Kanga akakohoa, kwe-kwe! Bi Pimbi akamkanyaga mguu.

"Mimi mbuzi?" Fisi akanguruma. "Ngiri! Kuanzia leo sahani yangu iwe nyeupe kama meno yangu!"

Ngiri aliyatazama meno hayo, ya rangi ya ugoro, akaonyesha vikapu.

"Na hivi vyenye rangi, chifu?"

"Mmwagie panya mlangoni!"

Pu! Pu! Vikapu vikamwagwa. Tatu akala, mama akitia mafuta kwenye mchicha kila siku. Wiki ya tatu, jua likiwa limezama, Tatu akasema, "Mama, una unga puani." Bi Pimbi akacheka hadi akakaa chini.

Miezi minane ikapita. Fisi, mnyama aliyezaliwa kutembea gizani, akawa anagonga nguzo za nyumba yake kila jioni. Ngo!

"Ngiri, shika adabu, nipishe!"

"Niko huku, chifu. Huo ni mtungi."

Bi Pimbi aliposikia hayo, huruma ikamshika. Akakaanga maini, akayapeleka jioni yeye mwenyewe uani kwa chifu, Tatu akimfuata.

"Chifu, nilikudanganya. Kula haya, macho yatarudi."

"Unataka niwe mbuzi tena? Na ulinidanganya? Nitakutafuna wewe badala ya maini!" Fisi akainuka, akarukia upande ilikotoka sauti. Bi Pimbi alikuwa ameshahama.

"Simama, chifu!" Tatu akapiga kelele. "Mbele yako kuna shimo la choo kipya!"

"Panya hanifundishi njia za kwangu!"

Basi, wanangu, kuleni mchicha na papai bila kuona haya, kwa maana macho hayajui cheo cha mtu.

Fisi alifariki siku hiyo, Alhamisi, saa moja na robo jioni, shimoni.