Mtarjumani wa Amir na Barua za Mapapa Wawili

Inasimuliwa na wazee wa Maghribi, Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mtarjumani mchamungu aitwaye Sheikh Khalaf bin Atiya. Mimi kisa hiki nimekisikia katika miji mitatu, na kila mji uliniapia kwamba kilitokea kwao. Nami ambaye nimewahi kupotea ndani ya hoteli niliyolala sina ubavu wa kuwaamulia. Basi tuseme tu kwamba ulikuwa mji mmoja wa bandari, zama za Amir Wanudin.

Sheikh Khalaf alitekwa baharini ujanani mwake, akauzwa Rumi, akakaa huko miaka saba katika diwani, yaani ofisi ya barua, ya Papa, mkuu wa makasisi wa Kikristo. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha madini ya risasi. Maana barua za Papa hazikupigwa muhuri wa wino wala wa nta, bali donge la risasi lililoning'inia kwa uzi. Upande mmoja wa donge palichapwa jina la Papa aliyepo, na chapa hiyo ilibadilishwa kila Papa alipofariki. Upande wa pili palichapwa vichwa vya watu wawili ambao Wakristo huwatukuza, Petro na Paulo, na chapa hii haikubadilishwa kamwe. Siku moja Khalaf akaidondosha chapa ya vichwa sakafuni, chembe ikang'oka kwenye ndevu za Petro. Akapigwa fimbo kumi na mbili, na tangu siku ile kila barua iliyotoka Rumi ilimwonyesha Petro mwenye pengo kidevuni.

Hatimaye akakombolewa, akarudi kwao, akawa mtarjumani wa Amir.

Sasa, katika mji ule walikuwako Wakristo wachache waliokuwa wamefiwa na kasisi wao. Siku moja akafika kasisi mgeni, jina lake Landolfo, na barua ya Papa inayomwomba Amir ampokee awahudumie watu wake. Amir akampokea kwa heshima. Baada ya siku tatu akafika kasisi mwingine, Otberto, naye ana barua ya Papa. Papa mwingine! Barua hii ilisema kwamba Landolfo ni mwongo, katumwa na mwongo, na anayestahili kupokewa ni Otberto.

Amir akamwita Khalaf. "Hivi, Sheikh, hawa wana Mapapa wangapi?"

"Kwa sheria yao, Amir wetu, mmoja."

"Na kwa hesabu?"

"Mwaka huu, wawili."

Akamweleza. Papa na Kaisari wa Wajerumani waligombana juu ya nani mwenye haki ya kuwaweka maaskofu. Papa akamlaani Kaisari na kuwaambia raia wake kwamba hawawajibiki kumtii. Kaisari naye akasema Papa si Papa tena, akaingia Rumi na jeshi, akamweka wake. Wa kwanza akakimbilia ngome ya jirani, na wote wawili wakaendelea kuandika barua.

"Yaani Papa anaweza kumwondoa Kaisari?"

"Ndivyo anavyosema."

"Na Kaisari anaweza kumwondoa Papa?"

"Ndivyo alivyofanya."

"Sasa nani yuko juu ya mwenzake?"

"Amir wetu, hilo ndilo wanalouana kwa ajili yake."

Amir akashika kichwa. Kisha, kwa hasira ya mtu aliyechanganyikiwa, akaapa mbele ya watu: "Wallahi, mmoja wa hawa ni jasusi wa mwongo! Khalaf, wewe unaijua mihuri yao. Ijumaa baada ya sala utasema barua ipi ni ya kweli. Na kichwa cha mwenye ya uongo kitaning'inia langoni."

Khalaf akazichukua barua, akaigeuza mihuri juani. Wa Landolfo: Petro ana pengo kidevuni. Wa Otberto: Petro ana pengo kidevuni, lilelile! Akafahamu kwamba barua ya Landolfo ilipigwa muhuri kabla Papa wake hajakimbia, na Kaisari alipoiteka Rumi aliteka na chapa. Mihuri yote miwili ilitoka katika diwani moja, na pengo lile lilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Alhamisi Waziri Ibn Ghazlun akamfuata nyumbani. "Sheikh wangu, usijisumbue. Sema wa pili ndiye mkweli. Kaisari ana majeshi. Yule wa kwanza ana nini? Ana dua tu."

"Mheshimiwa, mimi sikuitwa kushuhudia majeshi."

"Basi ujue Amir hamweki mtarjumani asiyejua kutarjumu."

Waziri alipotoka, Khalaf akakaa mbele ya chakula bila kukigusa. Mkewe, Bibi Umayma, akamtazama kwa muda.

"Baba Atiya, una nini?"

"Nikisema huyu, nimemuua yule. Nikisema yule, nimemuua huyu. Na Wallahi sijui."

"Basi si ushasema? Kaseme hivyohivyo."

"Mke wangu, mtarjumani asiyejua atakula nini?"

"Atakula alichokiacha jana, kimepashwa moto. Kula sasa, kinapoa."

Ijumaa baada ya sala baraza ikajaa. Khalaf akasimama. "Amir wetu, Mungu akuhifadhi. Mihuri yote miwili ni ya kweli. Chapa ni moja, naitambua kwa kosa nililolifanya mwenyewe. Ama nani Papa wa haki, sijui. Na sitatoa ushahidi wa nisilolijua, kwa kuwa nitaulizwa juu ya shingo ya mtu siku ambayo hapatakuwa na waziri wa kunisemea."

"Mihuri yote ya kweli, na wenyewe wanakanushana?" Amir akafoka. "Umenichanganya zaidi ya nilivyokuwa! Mfungeni. Mfungeni na makasisi wake wote wawili, mpaka ajue!"

Wakafungwa chumba kimoja, siku kumi na saba. Makasisi wale hawakuwa wakisemeshana. Landolfo alimwambia Khalaf kwa Kilatini, "Mwambie mtu wa Kaisari aondoe mguu wake kwenye mkeka wangu." Naye Otberto, aliyesikia kila neno, akangoja. Khalaf akamrudia kwa Kilatini kilekile. "Mwambie mkeka si wake," akajibu Otberto. Khalaf akamrudishia Landolfo. Mtarjumani wa Kilatini kwa Kilatini! Sijapata kusikia kazi kama hiyo, nami nimefanya kazi za ajabu. Siku ya tisa Khalaf akashikwa na homa, sauti ikamkauka. Landolfo akalowesha kitambaa, akamgeukia Otberto, ambaye siku zote hizo hakuwa akimtazama. "Mwinue kichwa," akasema. Otberto akamwinua.

Siku ya kumi na saba ikatia nanga merikebu kutoka kisiwa cha Sisilia. Habari zikafika barazani: watu wa Rumi wameasi, Papa wa Kaisari amekimbia mji. Papa wa kwanza amefia uhamishoni. Amechaguliwa wa tatu, na nusu ya watu hawamtaki.

Amir akataka habari zile zirudiwe mara ya pili. Kisha akaamuru wafungwa waletwe. "Waziri," akasema, "ulikuwa na hakika, sivyo? Ningemkata huyu Landolfo kichwa kwa ajili ya Papa ambaye leo hana hata mlango wa kufunga." Akamgeukia Khalaf. "Na sasa, Sheikh? Yupi wa haki?"

"Bado sijui, Amir wetu."

Amir akacheka hadi machozi yakamtoka. Lakini alikuwa amekula kiapo kwamba kichwa kitaning'inia, na kiapo kikivunjwa kina kafara yake. Siku hiyohiyo akawalisha maskini kumi wa mji kuwa kafara, Khalaf akafunguliwa, na makasisi wawili wakakaribishwa kama wageni. Walioshuhudia wanasema walikula sinia moja, kila mmoja akimsogezea mwenzake nyama.

Enyi ndugu zangu, kusema "sijui" hutuaibisha. Mimi nimewaelekeza wasafiri njia nisizozijua, kwa sauti ya uhakika kabisa, na baadhi yao nahisi bado wanatembea. Lakini hakika ya uongo haimuumizi mwenye kuisema peke yake, huenda ikamshukia mtu shingoni. Mola azifunge ndimi zetu pale elimu yetu inapoishia, na atusamehe wote tuliokwisha kuongea. Amin.