Kangaga la Moto

Wapendwa, huko milimani kulikuwa na mama mmoja mwenye ng'ombe mmoja tu, tena ana mimba. Kiangazi kilikuwa kikali, malisho hakuna, na moto ulikuwa umeunguza upande mzima wa kilima. Siku moja akapanda kutafuta chochote, akakuta kwenye majivu kangaga limechipua, kijani kibichi, machipukizi yamejikunja kama ngumi za mtoto mchanga. Mama akapiga magoti palepale, akamshukuru Mungu. Akakata, akafunga mzigo, akashuka anaimba.

Njiani akakutana na jirani yake, mama mwenzake ambaye hawakuwa wakisalimiana naye tangu wagombanie mpaka wa shamba. Yule jirani akaushika mzigo. Akaufungua, akaanza kuutupa korongoni.

"We mama, una wazimu? Ng'ombe wangu atakula nini?"

"Asile hili. Hili ni kangaga la moto."

"Kangaga ni kangaga. Mbona la mtoni nalisha miaka yote?"

"La mtoni ukiligeuza, mgongoni lina madoa ya kahawia yamejipanga. Hili halina madoa, kingo zake zimekunjwa kama pindo la sketi. Geuza uone."

Mama akageuza jani. Pindo lilikuwepo.

"Umejuaje?"

"Wangu alilila. Akakojoa damu mpaka akafa. Ulidhani banda langu liko tupu kwa nini?"

Mama akaketi kando ya njia, akalia. Kila siku alipita mbele ya banda lile, na moyoni, tuseme ukweli, alikuwa akifurahi.

"Inuka," jirani akamwambia. "Njoo ukate migomba yangu. Mimi sina wa kumlisha."

Ng'ombe akazaa salama, na maziwa yakaanza kuvuka ule mpaka kila asubuhi.

Sasa niwaulize. Mungu alimjibu mama huyu kwa lipi? Kwa lile alilolipigia magoti, au kwa yule aliyemwita mwendawazimu? Na sisi je? Tunashukuru kila tunachopewa, kijani chochote kwetu ni baraka, hatugeuzi jani. Nani kati yetu amewahi kushukuru kwa alichonyang'anywa mikononi? Yule uliyemwita adui kwa sababu alikufungulia mzigo mbele za watu, mpaka leo unamwita hivyohivyo.

Leo tumekuja na sadaka za shukrani. Iweke yako chini kwanza. Geuka, mtazame aliyeketi nyuma yako. Kama ni yeye, mwambie asante.