Mto Mwaza Ulipoitwa Barazani

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na zimwi lenye kiu.

Basi sogeeni. Kila mtu amshike mwenzake mkono, maana zimwi la leo halikuwa la mchezo.

Hapo kale, katika kijiji cha Mavumo, ulipita mto ulioitwa Mwaza. Mtoto akizaliwa aliogeshwa mtoni siku ya kupewa jina, na tangu siku hiyo Mwaza alikuwa shangazi yake. Kijiji kizima kilikuwa na shangazi mmoja.

Tena Mwaza alikuwa na haki zake barazani, kama mtu yeyote. Akionewa, shauri lake lilisikilizwa. Jina lake liliitwa mara tatu, na kwa kuwa mto hauna mdomo, ndugu zake waliitika kwa niaba yake. Asipoitikiwa, haki yake imepotea. Ndiyo ilikuwa sheria, na hata mazimwi yalifungwa nayo.

Siku moja zimwi lilishuka kutoka milimani. Lilikuwa refu kuliko minazi, na pumzi yake ilinuka tope bichi. Likapiga magoti mtoni, likanywa.

Gubu, gubu, gubu. "Nimekunywa, na bado nina kiu."

Kesho yake likanywa tena. Gubu, gubu, gubu. "Nimekunywa, na bado nina kiu."

Samaki wakabaki wakirukaruka mchangani. Vyura wakanyamaza. Mto ukawa mwembamba kama mkia wa mbuzi.

Basi palikuwa na mfinyanzi mmoja, jina lake Sikudhani. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mtoto hakuwa na jina bado, maana maji ya kumwogeshea hayakutosha. Sikudhani akamfunga mwanawe mgongoni, akaenda kwa Jumbe, mkuu wa baraza.

"Shikamoo, Jumbe. Zimwi linammaliza shangazi yetu. Nimekuja kumfungulia shauri."

"Marahaba, mwanangu. Unalishtaki zimwi? Si litatutafuna?"

"Mto ukikauka, Jumbe, tutaishi wapi?"

Jumbe akainuka. Akapiga pembe ya baraza, na watu wote wakakusanyika ukingoni.

Zimwi nalo likaja, likicheka polepole.

"Mimi napenda sheria," likasema. "Mwiteni Mwaza. Akiitika, nitarudisha nilichokunywa. Akinyamaza, mto ni wangu. Na wote mlioogeshwa humo ni wangu pia, maana maji yangu yamo miilini mwenu. Lakini huyo atakayemwitikia, nataka nimwone vizuri uso wake."

Kila mtu akatazama chini. Kila mmoja alisema moyoni, "Ataitika jirani."

Jumbe akaita, "Mwaza."

Kimya. Zimwi likasogea hatua moja.

Jumbe akaita, "Mwaza."

Kimya. Zimwi likasogea hatua nyingine. Kivuli chake kikawafunika watoto.

Mzee mmoja mwenye ndevu nyingi, jina lake Chande, akamnong'oneza Sikudhani, "Itika wewe, shemeji. Una sauti ya kuuzia vyungu."

"Na wewe, shemeji, hiyo sauti ya kugombania nyama harusini iko wapi leo?"

Chande akashika ndevu zake.

Jumbe akaita mara ya mwisho, "Mwaza."

Sikudhani akamshika mwanawe miguu. Akaitika kama mwanamke anavyoitika akiitwa:

"Abee."

Zimwi likanyoosha mkono, likamzoa yeye na mtoto wake, likawainua juu. Mtoto akalia.

"Kumbe Mwaza ndiye wewe," likasema. "Nikikumeza, Mwaza amekwisha, na shauri limekwisha."

Likafungua kinywa. Ndani mlikuwa na giza, na mbali ndani ya giza ilisikika sauti ya maji.

Pale chini mtu akasema, "Abee."

Zimwi likageuka. Alikuwa Chande, amesogea mbele.

"Mwaza ni mimi," akasema.

"Wewe? Una ndevu."

"Shangazi yetu ana ndevu. Wewe inakuhusu nini?"

"Abee," akasema mwanamke mwingine. "Mwaza ni mimi."

"Abee," akasema mwana wa mwanamke huyo. "Mwaza ni mimi."

Basi wakaitika wote, wavuvi na wakulima, mabibi na wajukuu, hata Jumbe mwenyewe. Wanaume wasiowahi kuitika abee tangu wazaliwe waliitika abee siku hiyo. Zimwi likatazama huku, likatazama kule. Halikujua limmeze nani.

Ndipo wakasikia jambo la ajabu.

Tumboni mwa zimwi, taratibu, sauti isiyo ya mtu ikaitika:

"Abee."

Zimwi likatetemeka. Likamweka Sikudhani chini pamoja na mtoto wake, likashika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Nyamaza," likaliambia tumbo lake.

"Abee," ikaitika sauti, kubwa zaidi.

"Nyamaza."

"Abee!"

Maji yakatoka kinywani mwa zimwi, yakatoka puani, yakatoka masikioni. Mto ukajaa ukingo hadi ukingo. Zimwi likabaki ngozi tupu, na maji yakaichukua ngozi hiyo yakaenda nayo.

Jumbe akasema, "Mwaza ameitika. Haki yake ni yake."

Jioni ile Sikudhani alimwogesha mwanawe, akampa jina mbele ya shangazi yake.

Lakini ile ngozi haikuonekana tena. Kila kiangazi, maji yakipungua, watu wa Mavumo husikia huko juu, gubu, gubu. Hapo hupiga pembe, huliita jina la mto mara tatu, na hakuna anayemngoja jirani.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na ukingoni ndipo inapoishia.

Mjue hili, wanangu: mto una haki zake, msitu una haki zake, na midomo ya kuzitetea ni yetu sote. Aitikaye peke yake humezwa. Ukisikia mto unaitwa, itika.